Usimnyime Wali, Mpangie Sahani

Mwezi huu naingia jikoni kwenu, maana kuna ndoa zinatikiswa na sufuria ya wali.

Kuna dada mmoja, mumewe aliambiwa ana kisukari. Siku hiyo hiyo dada akafungia mchele kabatini: mchana dona, usiku dona. Mume hakulalamika. Kumbe kila mchana yuko kwa mama lishe karibu na ofisi, wali nazi sahani imejaa, na soda baridi pembeni. Jioni akirudi, "Sina njaa mke wangu." Siku dada alipogundua, aliumia kana kwamba amekuta nyumba ndogo!

Sasa sikia. Mwenye kisukari hajakatazwa wali. Ishu ni kiasi, na unaula na nini. Kikombe kimoja cha wali ulioiva kina takriban gramu 45 za wanga, na wanga huo ukishasagwa tumboni unakuwa sukari. Ukila vikombe vitatu, piga hesabu mwenyewe. Na dona nalo ni wanga. Ukikata donge kubwa, mambo ni yale yale.

Kwa hiyo fanyeni hivi:

Gawa sahani. Nusu iwe mboga: mchicha, bamia, kabichi, kachumbari. Robo iwe samaki, kuku au maharage. Robo iliyobaki ndiyo ya wali.

Anza na mboga na samaki, wali ufuate mwishoni. Sukari inapanda taratibu zaidi. Soda na juisi weka kando, kunywa maji.

Mkimaliza, msikimbilie kochi. Tokeni mtembee dakika 15, mkono kwa mkono. Mapenzi ndiyo hayo!

Kisha pimeni saa 2 baada ya kuanza kula. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, lengo ni mashine isome chini ya 10, ila la daktari wenu ndilo la kufuata. Hapo hamna haja ya kubishana, namba itawaambia kama robo ile inamfaa au ipunguzwe.

Angalizo: kama mwenzio anachoma insulini au anameza vidonge kama glibenklamaidi, usimkatie wanga ghafla bila kuongea na daktari. Sukari inaweza kushuka mno. Ukimwona anatetemeka, jasho linamtoka na maneno hayaeleweki, mpe maji yenye sukari haraka kama anaweza kumeza. Akipoteza fahamu usimpe kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

La mwisho, msipike sufuria mbili. Hakuna kinachomfanya mtu ajione mgonjwa kama kutazama mwenzake anakula pilau wakati yeye ana bakuli lake la peke yake.

Yule dada alinisikia. Siku hizi anapika wali, anapakua sahani mbili zinazofanana, na mume anarudi nyumbani na njaa yake.

Tukutane mwezi ujao!