Cheti cha Daktari Kisiwe Sharti la Kusaidiwa Chuoni

Butiama kunajengwa chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere ni miongoni mwa wanufaika wa mradi wa elimu ya juu wa HEET, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 425 mwaka 2021. Mazungumzo mengi ni ya maabara, mabweni na kumbi za mihadhara. Njia za viti vya magurudumu ni haki ziwekwe. Lakini nawawaza pia wanafunzi ambao mlango mpana hauwasaidii kitu: mwenye usonji anayevurugika ratiba ikibadilishwa ghafla, mwenye disleksia anayerudia aya moja mara nne, na yule ambaye ubongo wake hautulii katika mhadhara wa saa mbili.

Vijana hao wamo vyuoni tayari, ila wanaitwa wavivu, wajeuri, wenye vichwa vigumu. Wakisapu kwa kurudia mitihani, wakikeri masomo hadi mwaka unaofuata, mwishowe wakidisko na kuondolewa chuoni, faili hubaki na alama bila sababu.

Lugha nayo huwaficha. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia anaweza kusoma polepole bila kukosea sana, akamaliza darasa la saba pasipo mtu kushtuka. Kiingereza hakimpi nafuu hiyo, maana herufi zilezile hutamkwa hivi hapa na vile pale. Akikwama, mwalimu husema Kiingereza kinamsumbua. Na kwa kuwa kinawasumbua wengi, yeye hupotelea katikati yao.

Si kwamba nchi haina msingi. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 24 inagusa hadi elimu ya juu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikafuata mwaka 2010. Katika mtihani wa darasa la saba, Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Ugumu unaanza pale mhitaji anapotakiwa kwanza atambuliwe rasmi.

Bodi ya Mikopo ikitaka uthibitisho wa daktari, naielewa: fedha ni chache na waombaji ni wengi. Lakini nusu saa ya ziada kwenye testi, je? Kumpima mtu mzima usonji au disleksia kunahitaji wataalamu, nao ni wachache nchini. Kijana wa Bunda anaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya Kwangwa, Musoma, akaelekezwa Bugando, Mwanza. Nauli, malazi na vipindi atakavyovikosa vyote vinatoka kwenye bumu lilelile, fedha yake ya kujikimu.

Wahadhiri wana hofu ya kweli kwamba mlango ukiachwa wazi, wajanja watapita. Hofu hiyo inapungua mtihani ukitungwa vizuri: maswali ya saa mbili yakipewa saa tatu kwa darasa zima, asiyejua jibu hatalipata kwa kukaa zaidi. Pale kasi yenyewe ni sehemu ya ujuzi, kama kwa muuguzi anayesomea Musoma, ipimwe waziwazi kwenye vitendo, si kwa insha. Nakiri pia kwamba mhadhiri mmoja mwenye darasa la mamia hawezi kumfuatilia kila mtu. Basi tuanze na yasiyo na gharama kubwa: muhtasari utolewe kabla ya kipindi, mihadhara iruhusiwe kurekodiwa, mabadiliko ya ratiba yatangazwe mapema, kipatikane chumba tulivu cha mtihani. Vipimo vibaki kwa anayevitaka, kwa sababu wapo ambao nusu saa haiwatoshi na wanahitaji matibabu au ushauri wa karibu.

Chuo cha Ualimu Bunda kinanipa sababu nyingine ya kuharakisha. Mwalimu mtarajiwa aliyeonja msaada huo mwenyewe hataharakisha kumchapa mtoto anayechanganya herufi.

Seneti ya Butiama ikiandika kanuni zake za mitihani, kipengele hiki kinaweza kuwa kifupi: mwanafunzi aombe kwa mshauri wa wanafunzi, ajibiwe ndani ya wiki mbili, na karatasi ya daktari ifuate baadaye, ikipatikana.