Karibu sebuleni, lakini nani yuko jikoni?

Ndugu zangu, leo tuweke siasa pembeni. Nataka tuzungumze kuhusu neno ambalo sisi Waswahili tunajivunia kuliko mengi: karibu.

Kwa Mkristo neno hili lina uzito wake. Tangu utotoni tunafundishwa kwamba anayempokea mgeni anampokea Mungu mwenyewe. Maaskofu Katoliki wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo, ili Kanisa liishi majumbani mwa watu na majirani wajuane. Madhehebu mengine nayo yana sala za nyumba kwa nyumba. Ni wazo zuri sana. Mungu anapiga hodi mpaka sebuleni.

Swali langu ni dogo tu: sisi tukiwa sebuleni, jikoni yuko nani?

Nimehudhuria sala hizi katika nyumba kadhaa hapa Dar es Salaam. Kuna binti anafungua geti, anapanga viti vya plastiki, anapasha moto chai. Viti anavipanga yeye, lakini chake hakimo. Tukianza kusali ameshaondoka. Tukisoma Injili tunamsikia anaosha vyombo. Wageni hawajui jina lake, wao wanamwita "dada" tu. Jumapili baba, mama na watoto wanakwenda kanisani, yeye anabaki kuangalia nyumba na kupika chakula cha mchana.

Wahubiri wetu wanapenda sana habari ya Ibrahimu katika Mwanzo 18. Amekaa mlangoni pa hema mchana wa jua kali, anainua macho, anaona watu watatu, anawakimbilia. Maji ya kunawa miguu, mikate, ndama. Sawa kabisa. Lakini rudini nyuma sura mbili tu. Katika nyumba hiyo hiyo kulikuwa na mtumishi, Hagari. Alitumika, akateswa, akakimbilia jangwani akiwa mjamzito. Huko malaika alimkuta penye chemchemi, akamwita kwa jina, akamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Hagari ndiye aliyempa Mungu jina la Mungu aonaye.

Ninajua aliambiwa arudi kwa bibi yake, na wapo wanaokimbilia aya hiyo. Lakini hakurudishwa mikono mitupu, alirudi na ahadi. Na ninachokiona mimi ni hiki: nyumba inaweza kusifiwa kwa kukaribisha wageni, na wakati huo huo mtu aliyemo ndani yake asionwe na yeyote isipokuwa Mungu.

Halafu kuna Martha na Mariamu katika Luka 10. Tunahubiriwa kwamba tusihangaike na vyombo, tukae miguuni pa Bwana kama Mariamu. Safi! Lakini jamani, Mariamu alichagua. Yule binti wa jikoni amechagua lini? Sisi tumekuwa akina Mariamu kwa sababu tumemlipa mtu awe Martha kwa niaba yetu. Na malipo yenyewe tunayajua.

Najua nitajibiwa. Wapo watakaosema kwamba ukimzoea sana mfanyakazi anakupanda kichwani. Wengine watasema mjini hapa huwezi kufungua geti kwa kila mtu, wezi ni wengi. Hili la pili nalikubali. Mji una hatari zake na sijamwambia mtu alale mlango wazi. Lakini ndiyo maana nasema tuanze na ambao tayari wako ndani ya geti. Kwa hao wezi si kisingizio. Hili la kwanza silikubali hata kidogo. Hakuna mahali katika Injili ambapo heshima iliyopewa mdogo iliharibu nyumba.

Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi wa majumbani. Unataka wapate mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Saa 24! Amri ya Sabato katika kitabu cha Kutoka ilishasema hayo, tena ikamtaja mtumishi wa kiume na wa kike kwa maneno ya wazi. Wanadiplomasia Geneva wanatukumbusha jambo ambalo sisi tunalisoma kila mwaka.

Kinachonitisha zaidi ni Mathayo 25. Wale waliokataliwa hawakusema walikataa kumpokea Bwana. Walishangaa, wakauliza ni lini walimwona. Naamini walikuwa wakweli. Hawakumwona kwa sababu hawakuwa wakiangalia upande huo.

Kwa hiyo mimi sipendekezi makubwa. Mjue jina lake na la mama yake. Muulize anatoka wapi na anataka kwenda wapi katika maisha yake, kisha weka simu chini umsikilize. Mpe Jumapili yake, na siku hiyo pika wewe. Jumuiya ikija kwako, hesabu viti upya, kiwepo na chake. Na mlinzi wa getini msimsahau, naye ana habari zake.

Tunamwalika Mungu kila siku aje akae nasi. Inawezekana kabisa yumo ndani tangu alfajiri, anachota maji.

Tafakarini, kisha mniambie kama nimekosea. Jumapili njema.