Pedali Ikizama, Safari Ingoje

Kuna kasoro za gari zinazoweza kuvumiliwa. Redio ikinyamaza, utaimba mwenyewe hadi Nairobi. Kioo cha dirisha kikikwama, utajifunga leso. Lakini breki haina "nitaona kesho".

Nilikumbushwa hayo nyumbani kwetu Kebirigo, pale barabara ya kutoka Kisii na Nyamira inapopita kwenye majani chai ikielekea Chemosit. Tulikuwa tumetoka Nairobi Ijumaa, mimi, mama watoto na watoto watatu, kumwona nyanya yao katika likizo fupi ya katikati ya muhula. Karibu na soko nilisimama kupisha ng'ombe. Mguu wangu ulikuwa umetulia juu ya pedali, nayo ikaanza kushuka polepole. Nikaiachilia na kukanyaga upya, ikashika. Nikashikilia, ikazama tena.

Nilipomweleza mzee jirani, alicheka. "Mwanangu, hicho ni kitu kidogo. Kanyaga mara tatu upesi upesi, itashika. Mimi nimewahi kwenda Kericho na kurudi hivyo."

"Asante, mzee," nikamjibu. Kisha nikafungua boneti.

Mafuta ya breki yalikuwa yamejaa. Magurudumu yote manne yalikuwa makavu, wala hakuna tone lililoanguka chini. Hapo ndipo wengi hudanganyika, wakidhani kwamba pasipovuja hapana ubaya. Kumbe uvujaji waweza kuwa ndani kwa ndani, katika masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali.

Binti yangu wa kidato cha tatu alinikumbusha kanuni ya Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi kati ya 1623 na 1662: ukisukuma kiowevu kilichofungiwa, shinikizo huenea sawa kila upande. Ndivyo mguu mmoja unavyosimamisha magurudumu manne. Ndani ya masta silinda mna pistoni zenye sili za mpira. Sili zikichakaa, mafuta hupenya kando yake na kurudi nyuma, na pedali huzama.

Sasa utaona kwa nini dawa ya mzee hufanya kazi mahali tambarare. Ukikanyaga upesi, mafuta hayapati nafasi ya kupenya. Lakini kwenye mteremko mrefu hukanyagi na kuachilia, unashikilia. Na njia yetu ya kurudi ilipitia Kericho na Nakuru, yenye miteremko ambayo kila msafiri anaijua. Ni njia hiyo hiyo ambapo Juni 30, 2023, lori liliacha barabara kwenye makutano ya Londiani na kuua watu zaidi ya 50.

Jumamosi kwetu wengi huwa kanisani kwa Sabato, kwa hivyo nilitumia siku hiyo kuzuia magurudumu kwa mawe, kunyonya mafuta ya zamani kwa bomba la sindano na kufungua silinda. Nati za paipu za breki ni laini, na spana ya kawaida huzikwaruza upesi. Tumia ile inayokumbatia nati karibu yote. Kisha fungua nati mbili zinazoishikilia kwenye busta. Mafuta ya breki yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mara moja, kwani huibambua.

Jumapili asubuhi nilipanda matatu hadi Kisii nikiwa na silinda ya zamani mfukoni. Usiende dukani ukiwa na jina la gari pekee. Gari la mwaka mmoja laweza kuwa na silinda za vipimo tofauti, kwa hivyo linganisha vipimo vilivyochongwa ubavuni, matundu ya paipu na urefu. Nunua pia mafuta mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, katika chupa ambayo haijafunguliwa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 safi haichemki kabla ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Kamwe usitie oili ya injini, kwani huvimbisha sili.

Hapo ndipo nilipokosea. Silinda mpya hutolewa hewa kabla ya kufungwa: huibana kwenye jiliwa, ukaijaza mafuta, ukasukuma pistoni polepole hadi mapovu yaishe. Mchomeleaji wa sokoni ana jiliwa. Lakini jua lilikuwa linakwenda, na watoto walitakiwa shuleni Jumatatu. Nikaruka hatua hiyo.

Nilifunga silinda, binti akaketi kwenye usukani, nami nikaingia chini na mpira mwembamba na chupa ya soda yenye mafuta kidogo. Tulianza na gurudumu la mbali zaidi, la nyuma kushoto. "Kanyaga! Shikilia!" Nafungua skrubu, mapovu yanatoka, nafunga. "Achilia!" Nilimwekea kipande cha mbao chini ya pedali isigonge sakafu, na kila mara tukaongeza mafuta juu kabla hayajaisha. Kitabu cha gari lako chaweza kutaja mpangilio mwingine wa magurudumu; ufuate huo. Na gari lenye ABS huenda likahitaji mashine ya fundi.

Saa kumi na moja jioni pedali ilikuwa imepanda, lakini laini kama sifongo. Mama watoto alikuwa amekwisha kupakia ndizi na mabegi. Nilitazama saa. Nilijisemea kwamba ingetosha, kwamba ningeendesha polepole. Mama yangu, ambaye hajawahi kushika usukani, aliuliza swali moja tu: "Imepona?"

Nikanyamaza.

"Basi shusheni mizigo. Shule haitoroki."

Jumatatu alfajiri nilifungua silinda upya na kuipeleka kwa mchomeleaji. Mapovu yaliyotoka humo yalinitia baridi. Tukarudia magurudumu yote manne, na safari hii pedali ikawa ngumu kama jiwe.

Jaribu hivi kabla ya kuondoka. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga kwa nguvu na ushikilie dakika nzima, isizame. Washa injini ukiwa bado umekanyaga. Itashuka kidogo kisha isimame, na hiyo ni busta inafanya kazi yake. Kagua kila nati ikiwa kavu. Kisha endesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, mahali tambarare pasipo watu, handibreki ikiwa tayari mkononi. Kukiwa na shaka yoyote, mwite fundi aje, usimpelekee gari.

Tuliondoka saa sita mchana. Watoto walikosa siku moja ya masomo, na mwalimu mmoja hakufurahi. Kwenye mteremko wa kwanza nilishuka gia, nikakanyaga na kushikilia. Mguu haukwenda popote.

Hadi Jumapili ijayo, safiri salama.