Chagua kibodi kwa vidole, si kwa taa zake

Kama kijana wako anachapa kwenye steshenari ya Musoma au Bunda, muulize leo swali moja: usiku vidole vyake vinakufa ganzi? Wengi hawasemi mpaka waulizwe. Humeza dawa ya maumivu, hujichua mkono, kisha asubuhi hurudi kwenye kibodi ileile.

Kazi yao hatuihesabu kuwa ngumu. Mvuvi wa Mwigobero akisema mikono inamuuma tunamwelewa, maana tumemwona akivuta nyavu. Mchapaji yuko kivulini, amekaa kitini. Lakini piga hesabu: kurasa 20 zenye herufi 2,000 kila moja ni mibonyezo 40,000 kwa siku. Ukifika msimu wa maombi ya vyuo na mikopo, foleni inamfuata mpaka jioni.

Ndiyo maana nasema kibodi ni suala la afya, na kinachostahili kutazamwa kwanza ni kilichomo chini ya vitufe. Kibodi nyingi za bei nafuu zina utando wa mpira. Lazima kitufe kisukumwe karibu mpaka chini ndipo herufi iandikwe, na utando ukichakaa mchapaji huongeza nguvu bila kujijua. Kibodi ya swichi ni tofauti. Kila kitufe kina swichi yake yenye springi, na kwa zile za kawaida herufi huandikwa kitufe kikiwa kimeshuka karibu milimita 2 tu kati ya 4. Kidole hakina haja ya kugonga chini.

Swichi hizo hutambulishwa kwa rangi, kwa mtindo ulioenezwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani. Nyekundu hushuka moja kwa moja bila kikwazo na huhitaji nguvu ya takribani gramu 45, kama uzito wa yai dogo la kuku wa kienyeji. Kahawia, takribani gramu 55, ina kinundu kidogo katikati ya safari ambacho kidole hukihisi. Bluu, takribani gramu 60, ina kinundu na mlio mkali kila unapobonyeza. Watengenezaji wengine hubadilisha viwango, kwa hiyo muulize muuzaji gramu, usitosheke na rangi.

Ushauri wangu ni huu. Mchapaji wa kutwa aliyezoea kugonga kwa nguvu aanze na kahawia, kwa kuwa kile kinundu humwambia kidole kimefika, kiache. Ambaye vidole vyake huchoka upesi ajaribu nyekundu. Bluu iacheni kwa anayefanya kazi chumbani peke yake. Nyumba yenye mtoto mchanga haitalala. Nawe mzazi wa Butiama unayemwandalia binti yako vifaa vya chuo, usiuziwe taa za rangi. Omba abonyeze vitufe kwa dakika chache kabla hujatoa fedha.

Hata hivyo, usinunue swichi ukidhani umenunua dawa. Hakuna swichi inayotibu mkono ulioumia. Meza ikiwa juu mno, viwiko vikining'inia na kifundo cha mkono kikiwa kimekunjwa kuelekea juu, hata swichi laini haitasaidia sana. Viwiko viwe sawa na kibodi, vifundo vinyooke, na mikono ipumzike dakika chache kila baada ya nusu saa. Kama fedha ya kibodi mpya haipo, anza na haya. Hayana gharama.

Kuna dalili zisizosubiri kibodi yoyote. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba anamopita mshipa wa fahamu. Ukibanwa, ganzi huingia kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na sehemu ya kidole cha pete, huku kidole kidogo kikisalimika. Mgonjwa huamka usiku akikung'uta mkono. Wajawazito, wenye kisukari na wenye matatizo ya tezi ya shingo hupatwa zaidi, hata kama hawachapi, kwa hiyo ganzi yenyewe inaweza kuwa njia ya kugundua kisukari. Nenda kituo cha afya au hospitali. Mapema, kifaa cha kunyoosha kifundo kinachovaliwa usiku huweza kutosha. Wengine huhitaji sindano au upasuaji mdogo. Ukichelewa mpaka nyama ya chini ya gumba ikaanza kusinyaa, nguvu ya kushika inaweza isirudi yote.

Mwisho, mwenye steshenari, hili ni lako pia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka ulinde afya ya unayemwajiri. Unanunua wino wa printa kila unapokwisha kwa sababu bila wino hakuna kazi. Kibodi iliyokakamaa nayo ibadilishe, na kiti kirekebishe. Wino unauzwa dukani. Mkono wa yule binti hauuzwi popote.