Milango ya wanasoka ughaibuni hufunguliwa nyumbani

WAHENGA walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Lau wangaliishi hadi enzi hizi za soka ya kulipwa, pengine wangaliongeza kwamba anayekwenda kucheza ugenini naye hupimwa kwa hali ya kwao.

Hilo ndilo funzo kuu tunalolipata katika safari ya Victor Wanyama, kiungo mkabaji aliyezaliwa jijini Nairobi mnamo Juni 25, 1991, na ambaye alisakata gozi katika mabara mawili ya ng'ambo kwa zaidi ya miaka 15.

Mashabiki wengi huihesabu safari hiyo kwa mabao, mataji na ada za uhamisho. Si vibaya. Hata hivyo, ukiitazama kwa makini pamoja na ile ya kakake, McDonald Mariga, utaona kwamba mara kadhaa njia yao haikuamuliwa na miguu yao. Iliamuliwa na nafasi ya Kenya katika orodha ya FIFA na jinsi soka ilivyoendeshwa nyumbani.

Suala hili lina uzito zaidi sasa. Mnamo 2023, Shirikisho la Soka Barani Afrika (CAF) liliteua Kenya, Uganda na Tanzania kuwa wenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027. Vijana wanaoota kuzifuata nyayo za Wanyama wanahitaji kujua ni nani hasa anayeshika ufunguo wa mlango wanaoubisha.

Wanyama na Mariga hawakuokota kandanda barabarani. Baba yao, Noah Wanyama, alichezea AFC Leopards. Wote wawili walisomea Shule ya Upili ya Kamukunji, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kitalu cha wanasoka wa jiji.

Mariga ndiye aliyefyeka msitu. Mnamo 2005 alielekea Uswidi kuchezea Enköping, kisha akajiunga na Helsingborg kabla ya kuhamia Parma ya Italia mnamo 2007. Mdogo wake alimfuata Helsingborg mwaka huo huo, lakini kakake alipoondoka, naye akarejea nyumbani.

Hakukaa sana. Mnamo 2008 alipata mkataba katika klabu ya Germinal Beerschot mjini Antwerp, Ubelgiji. Miaka mitatu baadaye alinunuliwa na Celtic ya Scotland, na mnamo Julai 2013 akawa Mkenya wa kwanza kusajiliwa na klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza alipotua Southampton.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini ngazi zote hizo? Kwa nini kijana mwenye kipaji asitoke Nairobi moja kwa moja hadi Uingereza?

Jibu limo katika kibali cha kufanya kazi. Kwa mujibu wa kanuni za Uingereza za wakati huo, mchezaji asiye raia wa Umoja wa Ulaya alitakiwa awe ameshiriki angalau asilimia 75 ya mechi za ushindani za taifa lake katika miaka miwili iliyotangulia. Isitoshe, taifa lenyewe lilitakiwa kuwa, kwa wastani wa miaka hiyo miwili, miongoni mwa 70 bora duniani. Asiyetimiza masharti hayo alibakia kuomba huruma ya jopo la rufaa.

Hebu tuitazame Kenya ya miaka hiyo. Mnamo Oktoba 2006 FIFA iliipiga marufuku kutokana na mizozo ya uongozi, na haikuifungulia hadi Machi 2007. Kufikia Julai mwaka huo, Harambee Stars ilikuwa imeporomoka hadi nambari 137 duniani, nafasi mbaya zaidi katika historia yake.

Ni kweli kwamba mnamo Desemba 2008 timu hiyo ilipanda hadi nambari 68, ambayo ndiyo nafasi yake bora hadi leo. Lakini kanuni haikuuliza ulikuwa wapi mwezi mmoja. Iliuliza ulikuwa wapi kwa miaka miwili.

Mariga ndiye aliyelipia hesabu hiyo. Mnamo Januari 2010 Manchester City ilikuwa tayari kumsajili kutoka Parma. Kibali cha kazi kikakwama, na mpango huo ukasambaratika. Miguu ilitosha, fedha zilikuwepo, klabu ilimtaka. Kilichopungua ni bendera aliyoichezea.

Wapo watakaosema kwamba kukataliwa huko kulimletea heri. Siku chache baadaye alijiunga na Inter Milan, na Mei 22 mwaka huo alikuwa kwenye benchi jijini Madrid wakati Inter ilipoilaza Bayern Munich 2-0 na kutwaa Klabu Bingwa Ulaya. Msimu huo Inter ilinyakua mataji matatu makubwa.

Hoja hiyo ina mashiko, lakini haitoshi. Mariga alikuwa na Inter ya kukimbilia kwa sababu alikuwa ameshajijengea jina katika ligi ya Italia. Kijana anayechezea klabu ya Nairobi au Kisumu akikataliwa leo, hana Inter inayomsubiri. Bahati ya mtu mmoja haiwezi kuwa sera ya taifa.

Tumrejelee Wanyama. Usiku wa Novemba 7, 2012, akivalia jezi nambari 67 kuwaenzi mashujaa wa Celtic waliotwaa Kombe la Ulaya mnamo 1967, alipaa hewani na kuifunga Barcelona kwa kichwa kutokana na kona. Celtic ilishinda 2-1, na jina lake likavuma kote Ulaya.

Miezi minane baadaye, Southampton ilitoa pauni milioni 12.5 kumnunua. Hakuna klabu ya Scotland iliyokuwa imewahi kupokea kitita kikubwa kama hicho kwa mchezaji mmoja.

Hapa ndipo somo la pili linapojitokeza, nalo halizungumzwi sana katika vijiwe vya soka. FIFA ina utaratibu unaoitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine akiwa bado chini ya mkataba, asilimia tano ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23.

Kila mwaka wa malezi kati ya umri wa miaka 12 na 15 huhesabiwa kuwa robo ya asilimia moja ya ada. Kuanzia miaka 16, kiwango huongezeka hadi nusu asilimia kwa mwaka.

Piga hesabu. Katika ada ya pauni milioni 12.5, mwaka mmoja tu wa kumfunza mtoto wa miaka 13 una thamani ya pauni 31,250. Kwa klabu ya mtaani isiyokuwa na mpira wa akiba wala nauli ya kusafiria, hizo ni fedha za kununua vifaa, kulipa makocha na kulea kizazi kizima cha wachezaji wengine.

Lakini fedha hizo haziji kwa kupiga makofi. Klabu inapaswa kuwa imesajiliwa na shirikisho, na mchezaji awe ameandikishwa kwa jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa na misimu aliyochezea hapo. Akademia inayoendeshwa chini ya mti bila daftari haina pa kudai chochote, hata kama ndiyo iliyomfundisha mtoto kupiga pasi ya kwanza. Mali bila daftari huisha bila habari.

Aidha, tangu Novemba 2022 FIFA imekuwa ikizigawa fedha hizo kupitia kituo maalumu cha malipo kinachotegemea rekodi za kielektroniki za mashirikisho. Nchi yenye kumbukumbu safi hunufaika karibu bila kuomba. Nchi yenye kumbukumbu mbovu hutazama fedha zikiwapita.

Wanyama alipohamia Tottenham Hotspur mnamo Juni 2016, kocha Mauricio Pochettino, aliyewahi kumnoa Southampton, alijua anachokitafuta. Msimu wa 2016-17 ulikuwa wake bora zaidi Uingereza. Alicheza mechi 36 za ligi, na Spurs ikamaliza ya pili.

Juni 2017, alipokuwa matembezini Dar es Salaam, barabara moja ya Ubungo ilipewa jina lake, ingawa kibao hicho kiliondolewa muda mfupi baadaye. Naam, mcheza ugenini alitaka kutuzwa kwa jirani!

Kisha jeraha la goti likamvamia mwanzoni mwa msimu uliofuata. Japo alifunga bao la kukumbukwa ugani Anfield mnamo Februari 2018, hakuwahi tena kuwa tegemeo la kila wiki.

Juni 1, 2019, historia ya familia hiyo ilijirudia kwa namna ya ajabu. Wanyama naye alikuwa kwenye benchi ya fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, tena katika jiji lile lile la Madrid, miaka tisa baada ya kakake. Tofauti ni kwamba Spurs ilishindwa 2-0 na Liverpool.

Bao la pili la Liverpool lilitiwa kimiani na Divock Origi, mwana wa Mike Okoth, aliyekuwa mshambuliaji wa Harambee Stars. Divock alizaliwa Ostend baba yake alipokuwa akicheza Ubelgiji, na taifa alilolichezea ni Ubelgiji. Si haki kumlaumu; huko ndiko alikolelewa. Hata hivyo, usiku huo uliwaacha Wakenya wengi wakijiuliza damu yao ingalifika wapi iwapo ingalipata malezi kama hayo hapa nyumbani.

Majuma machache baadaye Wanyama aliiongoza Stars kama nahodha katika fainali za Afrika nchini Misri, za kwanza kwa Kenya tangu 2004. Kenya iliilaza Tanzania 3-2 lakini ikazidiwa na Algeria na Senegal. Mnamo Machi 2020 alihamia Montreal, Canada, na Septemba 2021 akastaafu soka ya kimataifa. Mnamo 2025 alirejea Scotland kuichezea Dunfermline kwa muda mfupi chini ya Neil Lennon, kocha wake wa zamani wa Celtic.

Miezi michache tu baada ya Wanyama kuivua jezi ya taifa, tuliyarudia makosa ya kale. Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa shirikisho, na Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya. Serikali ilidai uwajibikaji katika matumizi ya fedha za umma. FIFA ilikataa kile ilichokiita mwingilio. Kila upande ulikuwa na hoja yake.

Lakini wapiganapo tembo, nyasi huumia. Marufuku hiyo haikuondolewa hadi Novemba 2022, na Kenya ilitupwa nje ya mechi za kufuzu kwa fainali za Afrika za 2023. Kiongozi anaweza kusubiri uchaguzi mwingine. Mwanasoka wa miaka 21 hawezi kusubiri awe na miaka 21 tena.

Wala tusidhani kwamba kanuni zimelegea. Baada ya Uingereza kujiondoa katika Umoja wa Ulaya, tangu 2021 kibali hutolewa kwa alama, na nafasi ya taifa pamoja na mechi alizolichezea mchezaji bado zina uzito. Tangu 2023 klabu zimeruhusiwa kusajili wachezaji wachache wasiotimiza alama hizo, lakini nafasi hizo hugombaniwa na dunia nzima.

Michael Olunga alitupa mfano wa njia mbadala. Kutoka Gor Mahia alipitia Uswidi, China na Uhispania, kisha akaibuka mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi ya Japan mnamo 2020 kwa mabao 28, kabla ya kuelekea Qatar. Ni safari ya kuonewa fahari. Lakini hata yeye alilazimika kuzunguka.

Nini kifanyike? Kwanza, kila mtoto anayecheza katika klabu iliyosajiliwa aandikishwe kikamilifu, na klabu zielimishwe kuhusu haki zao. Pili, Stars icheze mechi za kirafiki zenye maana badala ya kukaa bure kila nafasi inapopatikana, kwa kuwa nafasi katika orodha ya FIFA ni rasilmali ya kila mchezaji. Tatu, mizozo ya uongozi itatuliwe kwa njia zisizoifungia nchi nzima mlango.

Fainali za 2027 zitaleta mawakala na wasaka vipaji hadi barazani petu. Watamwona kijana wetu akicheza, na huenda wampende. Kisha watafungua makabrasha kutafuta alisajiliwa wapi, lini, na taifa lake limesimama nambari ngapi.

Mcheza kwao hutuzwa. Basi na tuhakikishe kwamba hapo kwao pana daftari, pana mechi na pana shirikisho lisilofungiwa.