Kazi Isiyoitwa Kazi

Mwanafunzi akiulizwa mamake hufanya kazi gani, aghalabu hujibu: "Hafanyi kazi, yuko nyumbani tu." Hilo "tu" ni katili, na wasomi wa lugha nao hulitamka. Mama huyo huteka maji, hupika, hulea na kupalilia. Mpishi wa hotelini hupika pekee, naye huitwa mwajiriwa na kulipwa mshahara. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 ilizitambua kazi za nyumbani na malezi kuwa mchango. Hata hivyo, mnamo 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba ndoa ikivunjika, mali haigawanywi nusu kwa nusu hivi hivi. Kila mmoja sharti athibitishe mchango wake. Mwenye mshahara ataleta stakabadhi za benki. Aliyeteka maji miaka 20 ataleta nini?