Basi la Wanawake wa Mraru



Juma hili twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa mwambao habari za huku bara tuliko. Wengi wenu mwaijua Voi kwa kupita tu. Hushuka kunywa chai, mkaswali, kisha safari ya Nairobi ikaendelea. Mji huu uliletwa na reli iliyotoka Mombasa kabla ya karne ya 19 kwisha, na tangu Mei 2017 una stesheni ya pili, ya treni mpya. Huku wauona mlima wa Sagalla, kule mbuga ya Tsavo na ndovu wake. Wenyeji ni Wataita, Wakristo kwa wingi wao, nasi Waislamu twakaa nao kwa ujirani mwema, twazikana na kualikana arusini. Lakini kisa cha leo si cha mjini. Ni cha Mraru, kijiji ambacho soko lake ni Voi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenda Voi siku ya soko kulikuwa ni mashaka kwa mwanamke wa Mraru. Mabasi yalikuwa machache, na yalipofika kijijini yalikuwa yamekwisha kujaa. Ikipatikana nafasi moja, wanaume walitangulia. Mama aliyeamka alfajiri kufunga mzigo wake hubaki kando ya njia, jua likipanda na bidhaa ikinyauka. Asiyefika sokoni hauzi, na asiyeuza hana cha kununulia.

Basi wanawake hao, waliokuwa na chama chao, wakakata shauri mwaka 1971 kununua basi lao wenyewe. Hawakuwa matajiri. Walichanga kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na kilichopungua wakakikopa. Mwaka 1975 basi likaingia njiani. Likabeba watu na mizigo, deni likalipwa, wenye hisa wakagawana faida, na iliyosalia wakafungulia duka na kuanza ufugaji wa mbuzi. Habari zao zilifika mbali, hata mwaka 1980 zikachapishwa katika kijitabu huko New York, Marekani, ili wanawake wa nchi nyingine wajifunze kwao.

Kwa nini twayakumbusha haya leo? Ni kwa sababu ya mama mmoja aliyetujia baada ya swala ya Alasiri, macho yamemwiva kwa kulia. Aliingia katika kikundi cha kukopa ambacho kila mmoja humdhamini mwenzake. Mwenzake akashindwa kulipa, na wakopeshaji wakaja wakachukua cherehani yake, meza na masufuria. Yeye mwenyewe hakuwa na deni hata la shilingi moja. Mumewe hakujua lolote mpaka alipoikuta nyumba tupu. Na wangapi leo hukopa kwa simu usiku, ili kulipa deni lililokopwa kwa simu asubuhi? Riba imeharamishwa, na anayetaka kujua hekima yake na azitazame nyumba hizi.

Hatusemi kwamba kila walilofanya wanawake wa Mraru ni la kuigwa. Sisi tuna mipaka yetu katika mikopo. Ila mna mambo matatu kwao yanayotufaa.

La kwanza, walichangia jambo moja wanalolijua, ambalo kila mmoja alilihitaji. Vikundi vyetu vingi huchanga kwa sare za arusi, na arusi ikisha fedha nayo imekwisha. Shirika la halali lataka mtaji wa pamoja, kazi inayojulikana, na makubaliano ya kugawana faida na hasara. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara, na Mtume (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, alisafiri na mali yake kwenda Sham. Basi biashara kwa mwanamke si jambo geni katika dini yetu.

La pili ni uvumilivu. Miaka minne ya kuchanga bila kuona gurudumu si kitu kidogo. Hapo pahitaji mweka hazina mwaminifu na daftari lililo wazi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Asikudanganye mtu kuwa kuandika ni kutoaminiana.

La tatu tulichukue kwa hasara yao. Basi lile lilichakaa upesi kwa ubovu wa njia. Walipotaka jipya, bei ilikuwa imepanda mno, na walichoweka akiba hakikutosha. Chombo kikianza kuleta faida, tayari kinaanza kuzeeka. Cherehani, jokofu la aiskrimu, tuktuk, vyote ni vivyo hivyo. Kila faida ikiingia, na litengwe fungu la chombo kitakachofuata kabla ya kugawana.

Nanyi waume, neno moja. Mali ya mke ni yake, mahari yake na pato lake. Si halali kwenu kuichukua pasi na ridhaa yake. Lakini nyumba ambayo mke huogopa kumweleza mumewe shida yake ndiyo nyumba inayokimbilia kwa wakopeshaji. Kaeni mzungumze. Na mwenye uwezo na amkopeshe nduguye mkopo mwema usio na nyongeza. Yule mama tuliyemtaja alinunuliwa cherehani nyingine na majirani waliochangishana msikitini na nje ya msikiti, na sasa ameanza kushona tena.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu, atutosheleze kwa halali yake na atuepushe na haramu yake. Wabillahi tawfiq.